Ngumi Ambayo Budeba Hakuiona

Mpaka anavuka miaka ishirini na mbili, Budeba Sayi alikuwa hajawahi kupigana na mtu yeyote. Watu waliomwona kwa mbali walidhani ameshapigana sana, na ndiyo sababu hakuna aliyesogea karibu kujua ukweli.

Alizaliwa bonde la Usangu, katika familia ya Wasukuma waliohama na ng'ombe zao kutoka upande wa Shinyanga kabla yeye hajazaliwa. Wadogo zake na dada zake walikuwa watu wa kimo cha kawaida. Yeye naye alikuwa hivyo hivyo hadi alipokaribia kubalehe, kisha akaanza kurefuka na hakuacha. Mama yake, Mbuke, alidhani ni maziwa. Akampunguzia. Budeba akaendelea kurefuka bila maziwa, akiwa na njaa zaidi.

Shuleni walimweka golini, kwa kuwa kichwa chake kilikaribia kugusa mwamba wa juu. Mipira ya juu aliidaka bila kuruka. Wapinzani walilitambua hilo mapema wakaanza kupiga mipira ya chini, na kutoka kichwani kwa Budeba hadi chini ilikuwa safari. Timu ilifungwa mabao mengi, na mwalimu akasema kosa ni la mabeki.

Alipomaliza shule alikwenda Mbeya mjini, Mwanjelwa, kushusha magunia ya mchele kwenye malori. Siku ya kwanza kila kikundi cha wabeba mizigo kilimgombania. Siku ya pili kila kikundi kilimsukumia kingine. Kumtwika gunia ilibidi watu wawili wapande juu ya kitu, na akishirikiana na mtu kubeba mzigo mmoja, uzito wote ulimporomokea yule wa chini. Mwisho wakamwachia kazi ya kutoa magunia juu kabisa ya lundo, na hapo hakuna aliyemlalamikia.

Pale sokoni ndipo Zabron alipomwona. Zabron alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mzee mwembamba aliyewahi kupigana ngumi katika uzito mdogo. Sasa alikuwa kocha wa mabondia kwenye uwanja mdogo nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Vumbi la unga liliwaangukia wanafunzi wake wakati wa mazoezi, wakawa wanarudi nyumbani weupe. Alisimama mbele ya Budeba akamtazama kuanzia miguuni, polepole, mpaka shingo ikamuuma.

"Kijana, umeshawahi kupigana?"

"Hapana, mzee."

"Hata shuleni?"

"Hata shuleni."

"Kwa nini?"

Budeba alifikiri. "Hakuna aliyetaka."

"Basi mimi nitakutafutia wa kutaka," alisema Zabron.

Haikuwa rahisi. Siku Budeba alipofika mazoezini, mabondia wa kiume wote walikumbuka majeraha yao ya zamani. Mmoja alikuwa na bega, mwingine goti, na mmoja alisema tu kwamba hajisikii. Aliyekubali kuingia naye ulingoni alikuwa Esta, dada wa Kisafwa aliyeuza viatu vya mitumba pale pale Mwanjelwa na kupigana katika uzito mdogo wa wanawake. Kichwa chake kilimfika Budeba chini kidogo ya kifua.

Kengele ilipolia, Budeba akanyoosha mkono wa kushoto kama alivyoelekezwa. Esta akapita chini yake kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo, akampiga mbavuni.

"Pole," alisema Budeba.

Esta akampiga tena.

"Pole sana."

"Unanipa pole ya nini?" aliuliza Esta. "Wewe ndiye unayepigwa."

Maisha yote ya Budeba, kila alipogusana na mtu, mtu yule ndiye aliyeumia, na pole ilimtoka yenyewe. Lakini jioni ile alirudi chumbani kwake akijipapasa mbavu, akagundua kwamba amefurahi. Mtu alikuwa amemkaribia kwa kutaka mwenyewe.

Zabron na Esta walikuwa na mawazo tofauti juu yake, na waliyajadili mbele yake kama watu wanaojadili jengo.

"Mkono ule ni uzio," alisema Zabron. "Mtu mfupi hawezi kumfikia. Atapigwa huko huko nje mpaka achoke arudi kwao."

"Uzio una geti, kocha," alisema Esta. "Mkono mrefu unachelewa kufika, na kurudi ndiyo unachelewa kabisa. Ukiwa bado unarudi, mimi nishaingia. Na nikishaingia hana mkono wa kunipigia, ni viwiko tu. Halafu angalia tumbo lile. Unaanza kulipiga leo, unalimaliza kesho."

"Lakini akikupiga?"

"Akinipiga nimekufa," alikiri Esta. "Sijabisha hapo."

Budeba alisikiliza pande zote mbili na kuona kila mmoja ana hoja.

Pambano lake la kwanza lilipangwa dhidi ya bondia wa Tunduma. Yule bwana alifika Mbeya kupima uzito, akamkuta Budeba amesimama kwenye mizani, akasema amepigiwa simu ya msiba. Budeba akapewa ushindi. Wa pili alifika hadi ulingoni, wakagusana glavu, kengele ikalia, naye akashika bega na kuketi. Budeba akapewa ushindi tena. Wa tatu alikuwa mchimbaji wa dhahabu kutoka Chunya, mtu jasiri, aliyemkumbatia Budeba katika raundi ya kwanza na kukataa kumwachia. Walizunguka ulingo mzima hivyo. Raundi ya pili Budeba alichoka, akamwegemea kidogo, na wote wawili wakaenda chini, mchimbaji akiwa chini zaidi. Budeba aliinuka. Mchimbaji alibaki pale akitafuta pumzi. Mwamuzi aliwaangalia wote wawili, akaona hakuna jingine la kufanya, akaanza kuhesabu.

Hivyo ndivyo mabango ya Iringa yalivyoweza kuandika, bila kusema uongo, kwamba Jitu la Usangu halijawahi kupigwa.

Mpinzani wake Iringa aliitwa Kalinga, Mhehe, muuza nyama wa Ipogolo. Alikuwa mfupi na mpana, shingo yake haikuonekana ilipoanzia, na umri wake ulikuwa mkubwa kidogo kwa bondia. Walipokutana kupima uzito, Kalinga alimtazama Budeba kama anavyotazama ng'ombe aliyeletwa asubuhi buchani: bila chuki, akikadiria pa kuanzia.

"Kamwene," alisema.

"Nzuri," alijibu Budeba, ambaye hakuwa anajua kwamba salamu hiyo ya Kihehe hujibiwa kwa neno hilo hilo.

Siku ya pambano ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mtangazaji alisema Budeba ana futi nane, na Budeba, aliyekuwa bado hajafika saba, hakuona namna ya kumsahihisha. Alipofika ulingoni hakupita katikati ya kamba kama wenzake. Alinyanyua mguu akavuka juu yake, na watu wakapiga kelele. Kamba ya juu kabisa ilimfika kiunoni. Zabron aliliona hilo na akalifurahia. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Zabron na uzio wake. Budeba alinyoosha mkono wa kushoto, ukamkuta Kalinga kwenye paji la uso, akaunyoosha tena, ukamkuta pale pale. Kalinga alirudi kwenye kona yake akiwa na uvimbe juu ya jicho. Watu wa Iringa walianza kunyamaza.

Raundi ya pili Kalinga aliinamisha kichwa na kuingia. Alipokea ngumi mbili za utosini njiani, akafika, akaanza kazi. Hakutazama juu hata mara moja. Alipiga tumbo upande huu, akapiga upande ule, kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba duka halifungwi mpaka jioni.

"Mweke mbali!" alipaza sauti Zabron kutoka kwenye kona. "Budeba, mweke mbali!"

Kengele ilipolia, Budeba aliketi kwenye stuli, magoti yakamfika kifuani. "Kocha," alisema akihema, "nimwekeje mbali na ameshakuwa karibu?"

Zabron alimmwagia maji.

Katika raundi ya tatu Budeba alishusha mikono kulinda tumbo, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Kalinga akaruka kidogo, na mkono wake wa kushoto ukazunguka kutoka pembeni. Budeba hakuona kitu. Alikuwa anamtazama Kalinga usoni, vizuri kabisa, na wakati huo huo ukuta wa ukumbi ukamgonga kwenye taya. Alirudi nyuma hatua kadhaa. Kamba ilimpokea kiunoni. Nusu ya chini ya mwili wake ikasimama, nusu ya juu ikaendelea na safari, na baada ya muda nusu ya chini ikaifuata.

Alitua kwenye meza ya mgeni rasmi. Soda zilimwagika, sahani ya kuku ikaenda upande wake, na mgeni rasmi akabaki ameshika glasi yake hewani, bado imejaa. Mwamuzi alisogea kwenye kamba, akachungulia chini, akaanza kuhesabu. Budeba alisikia mpaka nne. Aliona meza ile inatosha, akaacha kusikiliza.

Kalinga alibebwa kuzunguka ukumbi. Alibebwa pia hadi nje, na kwa taarifa zilizofika baadaye, hadi Ipogolo.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Esta, aliyesafiri nao kumsaidia Zabron kwenye kona, alikuwa anamwekea Budeba barafu kwenye taya.

"Ile ya mwisho," alisema Esta. "Hukuiona?"

"Sikuiona."

"Budeba, ilitoka mbali. Mimi niliiona kutoka kwenye kona. Muuza karanga kule mlangoni aliiona, nilimsikia akisema 'haya sasa.'"

"Mimi sikuiona."

Esta akaweka barafu chini. Akasimama mbele yake, akanyoosha mkono wake upande, sambamba na sikio la Budeba. "Angalia pua yangu. Usiiache. Nimenyoosha vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Akausogeza mkono mbele kidogo. "Sasa?"

"Vidole gani, Esta?"

Akausogeza tena mpaka ukawa karibu na pua yake mwenyewe.

"Viwili," alisema Budeba.

Akajaribu upande wa pili, ikawa vile vile. Zabron, aliyekuwa anafunga begi, aliacha kulifunga.

"Ndiyo maana huwa unanikanyaga nikipita kulia kwako," alisema Esta polepole. "Mimi nilidhani ni dharau. Na miguu yako. Viatu nilivyokutafutia mwaka jana, vimekubana vyote. Mtu wa umri wako bado unakua miguu?"

Budeba alisema ndiyo, anakua, na kichwa nacho kinamuuma karibu kila siku, lakini hilo alilichukulia kuwa ni la milango. Mtu wa kimo chake anajigonga kwenye vizingiti vya juu mara nyingi; kichwa kikiuma, haulizi kwa nini.

Daktari aliyemwona Mbeya alikuwa mwanamke kijana, mtaratibu. Alimuuliza juu ya viatu, akamuuliza juu ya kichwa, akamtaka afunue mdomo akatazama mapengo kati ya meno. Kisha akamwandikia kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam kupigwa picha ya kichwa, na picha ziliporudi alimweka chini akamweleza. Chini ya ubongo kuna tezi dogo, kama punje ya njegere, ndilo linaloamuru mwili ukue. Kwenye tezi la Budeba kulikuwa na uvimbe. Uvimbe ule haukuacha kuamuru. Na kadiri ulivyokua, ulikuwa unaibana mishipa ya macho, na cha kwanza kupotea ni kuona kwa pembeni.

Budeba alijisogeza. Kiti kililia chini yake.

"Kwa hiyo, daktari, urefu wangu ni ugonjwa?"

"Sehemu yake, ndiyo."

"Sehemu gani?"

Daktari alimtazama kuhakikisha kama anatania. Hakuwa anatania. Alitaka kujua yeye mwenyewe halisi anaishia wapi. Kama ni kifuani, au mabegani, na ni kipande gani cha juu ambacho si chake.

"Hatuwezi kujua," alisema daktari kwa upole. "Yote ni wewe."

Baba yake, mzee Sayi, aliuza ng'ombe kwa ajili ya safari na matibabu. Hakusema wangapi, na hakuna aliyemuuliza. Mama yake alipoelezwa habari ya uvimbe alisema, "Kumbe hayakuwa maziwa," akaenda kukaa peke yake nje ya zizi. Alipoulizwa kwa nini analia, akasema analilia miaka ile aliyomnyima mtoto maziwa bure.

Upasuaji ulifanyika kupitia puani. Zabron alipoambiwa hivyo alikataa kuamini mpaka Esta alipomwapia. Budeba alipoamka alikuwa na pamba puani na kiu kali, na siku chache baadaye, amelala chali, alimwona muuguzi akipita kulia kwake. Hakugeuza kichwa. Alimwona tu. Akamwambia, "Dada, nimekuona," na muuguzi akamjibu kwamba ni vizuri.

Kuona kwake kwa pembeni hakukurudi kote, lakini kulirudi kwa kiasi kinachomtosha kuvuka barabara. Kurefuka kukakoma. Ngumi za kichwa akakatazwa kabisa, na hakubishana. Kilichomsumbua ni kingine. Alipokuwa ulingoni, watu walipomtazama alijua wanamtazama kwa nini. Sokoni hakuwahi kujua. Aliporudi Mwanjelwa alijaribu kukaa mbali na uwanja wa mazoezi, akashindwa mapema. Akaenda, akakaa kwenye benchi, akawa mweupe kama wenzake.

Zabron ndiye aliyempa pedi za mikononi, zile ambazo kocha hushika mwanafunzi akazipiga. Akisimama, wanafunzi walipiga juu kama watu wanaoangua maembe. Akawekewa stuli. Akiwa ameketi, uso wake ulikuwa sawa na nyuso zao, na mikono yake mirefu iliweza kuwaletea pedi kutoka pande zote bila kuinuka. Wasichana wa uzito mdogo walimpenda kuliko Zabron. Aliwafundisha jinsi ya kupita chini ya mkono mrefu, na alilifundisha vizuri, kwa sababu alikuwa amepitwa na wengi. Mwaka uliofuata akamuoa Esta, ambaye hadi siku ya harusi alikuwa bado anampiga mbavuni kila Budeba alipomkanyaga.

Siku moja, Budeba akiwa amemaliza kula mchana na mkewe, mtu akabisha hodi. Alikuwa Kalinga, amevaa koti, ameshika mfuko wenye nyama.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, kaka, karibu," alisema Budeba, ambaye safari hii alijua. Akamsogezea kiti.

Kalinga aliketi. Alikunywa chai ya kwanza. Aliuliza hali ya macho, akaambiwa ni nafuu. Aliuliza hali ya mchele, akaambiwa ni nzuri. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, nina shida."

"Sema, kaka."

"Habari zako zilifika Iringa. Zilifika kwenye simu za watu, na wewe unajua habari zikifika kwenye simu. Mwanzo walisema yule jamaa alikuwa na tatizo la macho. Baadaye wakasema alikuwa kipofu. Sasa hivi mtu anakuja buchani kwangu, anasema nipe nusu kilo ya mifupa, halafu ananiuliza: 'Kalinga, ni kweli ulimpiga kipofu?' Mbele ya wateja. Mtoto wangu ameulizwa shuleni. Mimi nina mapambano mengi, na mengi nimepigwa. Lile ndilo moja ambalo watu walinibeba."

Esta akamwongezea chai.

"Nimekuja kukuuliza wewe," aliendelea Kalinga, "kwa kuwa ulikuwepo. Ungekuwa unaona, ningekupiga?"

Budeba alijua jibu la heshima ni lipi, lakini mtu alikuwa amesafiri kutoka Iringa, na alistahili kufikiriwa kweli. Alirudi ulingoni akilini mwake. Akaipitia raundi ya kwanza, akaipitia ya pili. Mkono wake ukaenda tumboni wenyewe.

"Ile ya taya sikuiona," alisema. "Hilo ni kweli, siwezi kulificha."

Kalinga akainamisha kichwa.

"Lakini za tumboni niliziona zote," alisema Budeba. "Ulikuwa mbele yangu kabisa. Niliona moja moja inavyokuja, nikawa najiambia, hiyo inakuja, na ikaja. Hakuna nilichoweza kufanya. Ningekuwa na macho manne, tumbo ni lile lile. Ulinishusha mikono ukiwa mbele ya macho yangu. Kama si raundi ya tatu, ni ya nne."

"Unasema kweli au unanisaidia?"

"Nasema kweli. Muulize mke wangu, yeye alisema kabla ya wote kwamba tumbo hili ni kubwa mno."

"Nilisema," alikubali Esta. "Nilimwambia kocha waziwazi."

Kalinga alivuta pumzi ndefu, akatoa simu. Akaomba, kwa adabu, kama Budeba hataona vibaya, ayarudie maneno yale wakati anarekodi, ili awaonyeshe watu wa Ipogolo. Budeba akasema haina shida. Akasimama ili aonekane vizuri. Kalinga akarudi nyuma hadi ukutani, akainua simu, akajaribu hivi na vile, lakini chumba kilikuwa kidogo. Alipompata kichwa, alipoteza tumbo. Akaona tumbo ndilo lenye ushahidi, akarekodi hapo, na Budeba akaeleza yote akionyesha kwa vidole mahali ngumi zilipotua.

Walikula nyama ile pamoja jioni. Zabron aliitwa, akaja, akabishana na Kalinga juu ya mkono wa kushoto mpaka chakula kikapoa, na asubuhi Budeba akamsindikiza mgeni wake stendi.

Video ilizunguka Iringa yote. Wengi walimwamini Kalinga, na heshima yake ikarudi karibu yote. Wachache waligoma. Walisema, mtu huyo hana kichwa, tutajuaje ni yeye? Kalinga akampigia Budeba simu kumwambia, na Budeba akasema awaulize hao: wamewahi kuona tumbo jingine linaloanzia juu namna ile?